Nilimkodia bi mkubwa kigari cha umeme twende kwenye mabembea, vitambaa vikatuponza

Wakuu, heshima kwenu. Hii si chai, mashahidi ninao, na mmoja ni bi mkubwa mwenyewe.

Mama yangu naishi naye hapa Mbagala. Magoti yalishamgomea, akijitahidi sana anafika duka la jirani. Kila tukipanga kutoka na watoto, anasema yeye atabaki kulinda nyumba.

Nyumba yenyewe ina nini? TV ya kichogo na kuku. Ilikuwa inaniuma aisee.

Sikukuu iliyopita watoto wakataka kwenda kwenye michezo ya maji na mabembea, upande wa pili wa jiji. Nikaapa safari hii haachwi mtu.

Nikapata jamaa Kinondoni anayekodisha vifaa vya wagonjwa. Ana kigari cha umeme: tairi nne, kiti, usukani kama wa pikipiki. Ukibonyeza kitufe kwa kidole gumba kinaenda, ukiachia kinasimama. Mtoto wa chekechea anakiweza.

Bi mkubwa akagoma. Akasema akipanda kitu cha wagonjwa atapewa pole na mji mzima, na yeye haumwi wala hajafiwa. Waifu ndiye aliyemlainisha, akamwambia mama, kipambe basi.

Hapo ndipo tulipoharibu.

Mnawajua mama zetu na vitambaa. Kochi kitambaa, TV kitambaa, hata redio mbovu kitambaa. Asubuhi nakuta kigari kimevalishwa vitambaa vyeupe vya kufuma kuanzia kiti mpaka usukani, vimekazwa kwa lastiki. Kilipendeza, sibishi. Tukakipakia kwenye kirikuu, tukaondoka.

Kule getini akabonyeza, kikaenda. Watu wanamwamkia, anaitikia marahaba kama mgeni rasmi. Nikamuona anacheka, moyo wangu ukatulia kabisa.

Tulipokaribia bwawa akaachia kidole. Kigari kikaendelea.

Kumbe lastiki imeteleza, imekibana kile kitufe. Ufunguo wa kukizimia nao uko chini ya kitambaa hichohicho. Mwendo ni wa kobe, ila ni kobe asiyesimama, na bwawa liko mbele. Nikatupa hotpoti la pilau nikakimbia, nikadaka kitambaa nikichane.

"Usichane, nimefuma kwa mkono wangu!"

Wakuu, nikasita. Mama anaelekea majini, mie nahangaika na lastiki. Na bado watu wanamwamkia, na bado anaitikia.

Mwisho akakata kona mwenyewe, akazama kwenye rundo la maboya ya watoto, kigari kikakwama. Hata kandambili haikumtoka.

Nikasema basi, huyu hatoki tena ndani. Akavua vitambaa kimoja kimoja, akavikunja, akampa waifu. Kisha akauliza kigari kinarudishwa saa ngapi. Nikamwambia jioni. Akampakata mjukuu mdogo, akageuza usukani, na kumpata tena ilikuwa kazi ya kumtafuta uwanja mzima.

Nilichojifunza: mzee akisema atalinda nyumba, mara nyingi anaogopa kuwa mzigo. Msimkubalie haraka. Na kitu cha kukodi msikivalishe nguo.

Sasa nishaurini, na mliowahi kuwatoa wazazi wenu leteni yenu. Juzi nimemwambia bi mkubwa sikukuu hii wajomba wanakuja, kirikuu hakitatutosha wote. Hakuinua hata macho kwenye kufuma kwake.

"Basi wewe baki, ulinde nyumba."

Hapo najiteteaje?