Majina Niliyoyafuta

Kazi yangu ni kununua kompyuta ambazo ofisi zimechoka nazo. Kampuni ikibadilisha mashine, au biashara ikifungwa, wananiita. Nazibeba kwa pikapu hadi chumba changu cha orofa ya pili mjini Eldoret, nazifungua, napuliza vumbi, nabadilisha betri na feni zilizokufa, kisha nawauzia walimu, wenye saiba za intaneti na wazazi wenye watoto chuoni. Zisizofufuka nazivunja vipuri. Niliingia kazi hii baada ya ofisi nilikokuwa karani kufungwa, nikaona kwa macho yangu mashine nzima zikitupwa shimoni nyuma ya jengo.

Kabla sijauza chochote, nafuta diski. Programu yangu inaandika sufuri juu ya kila kitu, mwanzo hadi mwisho, na mwenye mashine nampa barua yenye muhuri kwamba hakuna kilichobaki. Barua hiyo ndiyo iliyonijengea jina. Kuna wenzangu waliouza kompyuta zikiwa bado na picha za harusi za watu. Mimi, hapana.

Miaka michache iliyopita, mzee mmoja aliyekuwa na chuo kidogo cha walimu wa nasari pale Munyaka aliniita. Wanafunzi walikuwa wamepungua mpaka akafunga. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mrefu, koti la suti likimpwaya mabegani. Alisimama mlangoni tukitoa mashine, hakusaidia wala hakutuzuia.

"Futa kila kitu, mama," aliniambia. "Sitaki kitu cha hapa kionekane mahali pengine."

"Nitafuta, Mzee."

Siku tatu baadaye niliwasha kompyuta iliyokuwa ya ofisi yake ili niipime. Kwenye skrini kulikuwa na folda iliyoandikwa kwa herufi kubwa: MATOKEO YA WANAFUNZI. Nikaifungua. Ndani kulikuwa na folda nyingine, moja kwa kila mwaka. Sikuendelea. Nilimpigia Mzee, simu iliita mpaka ikakatika. Sikurudia. Nilijiambia mtu aliyefundisha maisha yake yote hawezi kukosa nakala, na mteja wa mashine hiyo alikuwa anakuja alasiri. Nikabonyeza kufuta, nikaenda kuchemsha chai.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza, mwanamke mmoja alipanda ngazi zangu. Alikuwa na miaka thelathini hivi, sweta ya shule imelowa mabegani, bahasha ya plastiki ameibana kwapani.

"Madam, ni wewe ulinunua kompyuta za ile chuo ya Munyaka?"

"Ni mimi. Keti."

Hakuketi. Alinieleza akiwa amesimama. Alikuwa anafundisha nasari katika shule ya kibinafsi kule Kapseret. Wakaguzi walikuwa wamepita, na sasa kila mwalimu alitakiwa kuleta cheti. Yeye alimaliza masomo, akapita, lakini sherehe ya kupewa vyeti iliahirishwa na kuahirishwa mpaka chuo kikafungwa. Mzee alikuwa amemwahidi kumchapishia chake. Akafa Pasaka. Mjane wake alimwonyesha stoo ambako karatasi zilikuwa zimewekwa: paa lilivuja, zikaoza, zikachomwa.

"Lakini huyo mke wake alisema kila kitu kilikuwa kwa kompyuta," akamaliza, akatoa vitu kwenye bahasha. Barua ya kuitwa chuoni. Kitambulisho. Picha yake akiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, ameshika chati ya irabu, watoto wamekaa sakafuni mbele yake.

Ningemwambia ukweli pale pale. Najua programu yangu inafanya nini. Badala yake nilifungua daftari la wateja na kusema, "Tuangalie ile mashine ya ofisi ilienda wapi."

Ilikuwa imeenda kwa saiba moja huko huko Kapseret, karibu na shule yake. Kumbe alikuwa akipita mbele yake kila asubuhi.

Kesho yake tulikutana hapo. Mwenye saiba alikuwa mama mpole. Aliposikia habari, aliwaondoa wateja kwenye mashine bila kulalamika. Nilichomeka flashi yenye programu ya kutafuta mafaili yaliyopotea. Yule mwalimu alivuta kiti karibu nami. Mstari wa kijani ulikuwa unasogea polepole kwenye skrini, na kila ndege iliposhuka kuelekea uwanjani, vioo vya dirisha vilitikisika. Mimi nilijua. Yeye alikuwa anaomba; niliona midomo yake.

Yalitokea mafaili ya saiba yenyewe: barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi. Chini ya hayo, sufuri tupu.

"Labda ukijaribu tena," alisema mwalimu.

Nikajaribu tena. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilijaribu mara ya pili nikijua, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kumwangalia usoni.

Tulipotoka, matope yalikuwa yamejaa barabarani. Tukasimama chini ya kibaraza tukingoja mvua ipungue. Hapo nikamwambia kwamba niliiona ile folda kabla ya kuifuta, kwamba nilimpigia Mzee mara moja tu.

Aliikaza bahasha yake kwapani.

"Ulisoma majina?"

"Hapana."

"Langu lilikuwa hapo," alisema. "Nilikuwa wa tatu."

Hakunitukana. Aliniomba tu nimwandikie barua kwamba kompyuta za chuo zilifika kwangu na zikafutwa. Nikaiandika siku hiyo hiyo, kwa karatasi nzuri, nikapiga muhuri. Baada ya wiki moja alirudi na barua ile imekunjwa vile vile.

"Shuleni wamesema hii inaonyesha tu kwamba hakuna kitu."

Shule ilimletea mwalimu mwingine katika darasa lake. Yeye walimbakisha jikoni, kwa sababu watoto walikuwa wakimlilia. Nilimwona huko nilipopeleka printa: alikuwa anagawa uji, na mtoto mmoja, bado ameshika kikombe, akamwita "tichaa". Mwalimu mpya alikuwa amesimama hapo karibu. Yeye, sasa mama wa uji, aliinamisha kichwa, akaendelea kumimina. Alinisalimia vizuri, akaniuliza watu wa nyumbani. Nilishindwa hata kunywa chai waliyonipa.

Bado nafuta diski. Watu wana haki siri zao zisizagae mjini. Ila sasa kabla ya kubeba mashine nauliza ni nani atakayekuja kesho kutafuta kilichomo. Juzi kliniki moja ilinipigia nichukue zao. Nikamwuliza karani kama rekodi za wagonjwa zimenakiliwa mahali.

"Mama, wewe si unafuta tu?"

"Nafuta. Lakini niitie mkubwa wako aniambie mwenyewe."

"Mkubwa ana shughuli."

Nikamwambia nitangoja. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa mpaka saa saba, na dereva wa pikapu akinung'unika nje. Hatimaye karani akatoka na kusema wamepata mtu mwingine, atakuja alasiri, na hana maswali mengi. Kupitia mlango uliokuwa wazi niliziona zile kompyuta zimepangwa sakafuni, nyaya zimefungwa vizuri juu yake. Nikatoka, nikamwambia dereva awashe gari.