Ngamia Niliomficha Mwanafunzi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, chekeni mkishamaliza. Miaka ya sabini, mwanafunzi wa chuo kikuu alishuka kwenye lori la Lodwar hapa Kakuma, akauliza kila boma linakunywa maziwa kiasi gani. Nikadhani anaandika watu wa kupewa mahindi ya msaada. Nikaficha ngamia wangu nyuma ya kilima, nikamwambia, "Sisi tunakula matunda ya porini tu."

Akaandika. Nikajiuliza, mtu mzima anasomea maziwa?

Baadaye aliita baraza atueleze alichojifunza. Akatundika karatasi kubwa yenye michoro. Mimi nikakaa mbele kabisa, maana nilitaka sana kujua.

Akaninyooshea kidole kwa heshima. "Mama huyu amenifundisha kwamba watu wanaishi bila maziwa kabisa. Hayo ndiyo nitakayoandika."

Jirani yangu Ekai akashika mbavu. "Ala! Na wale ngamia wanaonisukuma kisimani kila asubuhi ni wa nani, mama?"

Baraza zima likanigeukia. Kijana akaitazama karatasi yake. Kazi yake nilikuwa nimeiharibu mimi.

Nikawageukia watoto wangu pale pale: "Kesho ngamia hawatoki bomani mpaka mgeni awaone wote, na maziwa yakamuliwe mbele ya macho yake."