Kidole cha Piko

Nimepaka mabibi harusi hina na piko, ile rangi nyeusi ya maua, tangu nina meno yote, kwa hiyo kwenye vidole hunidanganyi.

Siku ile wahudumu wa chanjo walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba hapa kwetu Kariakoo na kisanduku chao cha barafu, wanawapa watoto matone ya polio. Mtoto akishapata, wanampaka wino kidoleni asije akarudiwa. Walipoingia kwangu, mpangaji wangu wa chumba cha pili akamtoa mwanawe, akamwinua kidole.

"Huyu alipata jana, kwa shangazi yake Buguruni."

Msichana wa chanjo akatupa jicho. "Huyu tayari. Haya bibi, sisi tunaenda."

"Hamwendi popote. Lete hicho kidole."

Nikakishika. Kimepakwa nadhifu mpaka pembeni, hakuna kilichomwagika. Mhudumu gani mwenye mtaa mzima mbele yake anapaka hivyo? Nikakinusa. Piko! Tena yangu, aliyoniomba mama yake juzi eti ya kucha zake.

"Mwanangu, huyu anaolewa lini?"

Wahudumu wakaangua kicheko. Mama mtu hakucheka. "Bibi, kwenye grupu wamesema matone yanaua uzazi."

"Nani kasema?"

"Sijui. Wametuma tu."

Sisi nasi zamani tulikimbia chanjo, sijifanyi. Mimi nilijificha uvunguni, nikavutwa mguu. Lakini nilikimbia sindano niliyoiona kwa macho yangu. Nikamwonyesha kovu langu la chanjo ya ndui. "Nimechanjwa, nimezaa saba. Hao saba wamechanjwa, wamenijazia wajukuu mpaka sina pa kutandika mkeka. Uzazi gani umekufa hapa?"

Kisha nikamwambia jambo ambalo huwa silifanyii mzaha: mdogo wangu polio ilimchukua miguu yote miwili, nikawa nambeba mgongoni mpaka akaota ndevu.

Akampakata mtoto, akamfumbua mdomo yeye mwenyewe. Matone mawili tu. Mtoto akakunja uso, halafu akalamba midomo.

Wahudumu wamefunga kisanduku, mama mtu bado kasimama mlangoni anajikuna shingo.

"Nini tena?"

"Bibi, wenzangu wa nyumba ya jirani nao waliniomba. Nimewapakia watoto wanne."

Nikajifunga khanga, nikavaa kandambili.

"Haya tangulia, fundi. Tupeleke kwa wateja wako."