Taa za Kumfikisha Mlangoni

Mke wangu alikataa kubebwa. Tulikuwa tukirudi Mbumbuni kutoka hospitali, alikosafishwa damu kila wiki kwa sababu ya figo, giza likiwa limeshaingia. Kutoka gari linapoegeshwa hadi mlangoni kuna kijia chenye mawe na mtaro uliochimbwa na mvua. Alitaka akipite kwa miguu yake. Mimi nilitembea kando, mikono yote miwili wazi, tayari kumdaka. Tochi ningeishika na nini?

Basi niliacha taa za gari zikiwaka. Lakini betri yetu kuukuu haikuweza hata hilo. Nikimaliza kumlaza na kurudi kuzizima, imeshakwisha. Asubuhi moja aliamka amevimba uso, anahema, na gari halikuguna. Majirani walitusukuma hadi barabarani huku nikimlilia Mungu kwa hasira.

Fundi wa redio pale Tawa aliniuzia vipande na kunichorea jinsi vinavyounganishwa. Kapasita ni kikopo kidogo kinachoweka umeme na kuuachilia polepole. Ukizima gari, umeme huo unaishikilia swichi ya taa mpaka uishe, kisha taa zinajizima. Kapasita ya kwanza niliigeuza miguu, chanya kwenye hasi, ikapasuka kama bisi. Vidole viliungua. Nikarudia.

Siku kifaa kilipokubali, tulifika mlangoni na taa zikazimika zenyewe nyuma yetu. Nilifurahi kama mjinga.

"Kumbe niliolewa na injinia," akasema.

Baada ya wiki chache taa zilizimika tukiwa bado mtaroni. Nikajua tu ni kazi yangu mbovu. Nilikifungua kifaa mezani, nikakagua kila waya, nikapima muda wake. Hakikuwa na kasoro yoyote. Ni yeye aliyepunguza mwendo. Nilikaa pale na bisibisi mkononi, nikaogopa vile sijawahi kuogopa maishani.

Sikumwambia. Niliongeza kapasita nyingine, taa zikakaa zaidi. Naye akachelewa zaidi. Nikaongeza tena. Kanisani walituombea hadi sauti zikakauka, nami nikaitikia amina huku nikiwaza vikopo vikubwa zaidi nitavipata wapi, labda mjini Mwingi.

"Baba watoto," aliniambia jioni moja ndani ya gari, "unadhani sijaona? Hizi taa siku hizi zinakaa sana."

"Betri imepata nguvu."

"Wacha uongo. Kwani unapima taa ama unanipima mimi?"

Nilimfungulia mlango, tukaanza safari yetu. Alipumzika kwenye jiwe la kwanza, akapumzika tena, na kabla hatujaufikia mtaro giza likatufunika. Nilikuwa nimeweka kapasita zote nilizokuwa nazo. Nilimsikia akihema.

"Nitaongeza nyingine kesho," nikasema.

"Usiongeze tena. Nibebe."

Nikamwinua. Sikulazimika hata kukaza mgongo.