Pikapu ya Mwisho Kibomet

Kila asubuhi kabla ya chai, Kabura alishika hendeli ya kuzungushia injini kwa vidole vyote vikiwa upande mmoja, maana injini kuukuu ikirudisha teke huvunja kidole gumba. Kwa miaka ishirini na miwili aliyaamsha hivyo magari ya kale ya marehemu Ngari, katika makumbusho yake binafsi hapo Kibomet. Ufundi aliujua kwa kutazama tu, na hakuna gari lililomshinda kuliwasha.

Mwaka 2006 Kimotho, mwana wa marehemu, aliamua kuyauza yote Jumamosi moja. Alimwahidi Kabura kwamba yakiisha Jumamosi hiyo, nyumba alimokuwa akilala ingekuwa yake.

Kufikia saa tisa ilibaki pikapu moja ya mwaka 1949. Bwana Sitati, mfanyabiashara wa Myanga, aliizunguka akicheka.

"Mama, hii ni rika la baba yangu! Itanifikisha nyumbani leo?"

"Kufika inaweza kufika," Kabura alisema. "Lakini breki za mbele hazishiki. Nilikuwa bado natafuta spea."

Kimotho akasonya. "Si ungenyamaza tu, mama! Ameshatoa kalamu, bana!"

Sitati akairudisha kalamu mfukoni, akamshukuru Kabura, akaenda zake.

Kui, mpwa wa Kabura aliyekuja kumsaidia, alimtazama akiifunika pikapu kwa turubai, taratibu kama siku zote.

"Tata, nyumba ilikuwa karibu kuwa yako. Kwa nini ulimwambia?" alimuuliza shangazi yake.

"Angepitia Kiminini," Kabura akajibu, "na leo ni siku ya soko, watu wamejaa barabarani."