Nyumbu wa Bassu na Joho la Bibi Harusi

Jumatatu, tarehe 14 Januari 2013. Theluji iliyoanza Ijumaa ilikoma alfajiri. Jua lilitoka jeupe, lisilo na joto, na upepo wa mlimani ulikata masikio kama wembe.

Tuda Uhaddu alisimama kwenye mlango wa shule ya kijiji cha Aghbalu, daftari kwapani, akitazama njia. Nyayo zilikuwa chache. Kwa miaka sita kazi yake ilikuwa kuwaunganisha watu: shule, zahanati, baraza, chama cha misaada cha mjini, na nyumba zilizotawanyika milimani ambako watoto walitoka. Mtoto akikosa viatu, Tuda alijua vilipo. Mtoto asipoona ubao, Tuda alijua siku ya daktari wa macho. Kila kitu alikiandika.

Jambo moja tu hakuliandika. Mwezi wa Novemba, makoti ya watoto yalipofika, aliwaita wazazi siku ya soko akasoma majina kwa sauti, mbele ya umati, ili isije ikasemwa kuna upendeleo. Jina la tatu lilikuwa la Bassu. Kesho yake koti lilikutwa juu ya ukuta wa shule, limekunjwa vizuri, vifungo vyote vimefungwa. Tangu siku hiyo Bassu alimsalimu kwa kuinua kidevu tu.

Sasa Yamna, binti yake Bassu wa darasa la sita, alikuwa hajaonekana kwa wiki tatu. Mama yake, Hadda, aliteleza kwenye barafu njia ya chemchemi akavunjika mkono, na kwenye kitanda chake cha kufumia palikuwa na joho la bibi harusi wa kijiji cha pili, limefika nusu. Bwana harusi alifanya kazi ng'ambo, na likizo yake ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Bassu alikwisha kutoa neno lake, kwa hiyo Yamna akakaa kitako kufuma. Kesho ndiyo mtihani wa nusu mwaka. Asiyeufanya jina lake linafutwa, na bila jina hakuna nafasi katika bweni la wasichana mjini. Masomo ya wasichana wengi wa Aghbalu yaliishia hapo.

"Mpelekee Bassu gunia la unga," alisema mwalimu mkuu, Sidi Lahsen, akipuliza viganja vyake. "Halafu umwombe amwachie mtoto."

"Nikimpelekea unga, kesho tutaukuta ukutani."

Bibi Izza, mkunga mzee, alikuwa amepita kuota moto. Aligusa jiko la chuma la darasani, akauondoa mkono haraka kwa ubaridi. "Hawa mnawafundisha au mnawagandisha kama nyama? Kuni ziko wapi?"

"Zimeshushwa njia panda, bibi. Lori halipandi," alisema Lahsen.

"Na nyumbu wa mizigo wa Bassu je? Yule ukimtuma mbinguni atafika, ila atalalamika njia nzima."

Tuda alimtazama bibi kizee, akatazama na njia ya kwa Bassu. Kisha akafunga daftari, akaliacha juu ya dawati, akatoka.

Bassu alikuwa juu ya paa la nyumba yake, akisukuma theluji kwa koleo la mbao kabla udongo wa paa haujalowa.

"Habari za asubuhi, kaka Bassu."

"Njema." Koleo halikusimama. "Leo umekuja na orodha gani?"

"Sina orodha. Nimekuja kuomba."

Koleo likasimama.

"Kuni za shule ziko njia panda," Tuda alisema. "Muuguzi wa zahanati naye amekwama huko, hawezi kupanda. Watoto wanatetemeka. Sioni mnyama mwingine wa kuiweza njia hii."

"Wa Moha je?"

"Wa Moha akiona theluji hulala."

Bassu alikaribia kucheka, akajizuia. "Na mimi nitapewa nini? Koti?"

Tuda alihisi uso ukimwaka katika baridi ile. "Lile lilikuwa kosa langu. Nilitaka watu waione haki, nikakuvua nguo sokoni. Nisamehe."

Bassu alichota theluji, akaitupa chini, taratibu. "Basi hii ni twiza," alisema mwishowe.

"Twiza," alisema Tuda.

Milimani kule neno hilo si la mzaha. Leo watu wanamfanyia mmoja kazi, kesho naye anawafanyia wao. Anayefanyiwa anawalisha, wala hakuna anayeitwa mwombaji.

"Aliyeitika twiza ya wenziwe, yake haikataliwi," Tuda aliendelea. "Na ndani kwenu kuna joho linasubiri mikono."

Hadda alikuwa amesikia. Alitokea mlangoni, mkono umefungwa vijiti. "Dada, sina cha kuwalisha wanawake," alisema chini kwa chini.

"Leo ni mwaka mpya wa wakulima. Ni nyumba gani leo inapika zaidi ya uji wa shayiri?"

Ilikuwa kweli. Siku hiyo, ya kwanza katika kalenda ya kale, mwenye ng'ombe na asiye na kuku hula uji mmoja mzito, na ndani yake hufichwa kokwa ya tende. Hadda alimtazama mumewe kule juu.

"Shayiri ninayo," alisema.

Nyumbu alipanda mara tatu. Safari ya pili alimleta muuguzi, ameshikilia shingo ya mnyama kwa mikono yote miwili, huku Bassu akimwambia asiogope, nyumbu huyu hajapata kuua mtu, ameshamtupa mmoja tu. Muuguzi alimfunga Hadda upya, akamwandikia barua ya hospitali kwa siku njia itakapofunguka.

Kufikia alasiri wanawake saba walikuwa mbele ya joho. Yamna hakutaka kuinuka.

"Mtaharibu mistari yangu."

"Ondoka hapo, mwanangu," alisema Bibi Izza. "Nilifuma joho la bibi yako kabla baba yako hajajua kulia."

Hadda mwenyewe ndiye aliyepanga zamu: wanawake watatu kila siku hadi joho liishe likatwe. Kisha akapakua. Kokwa ilimwangukia Bibi Izza, karibu imng'oe jino.

"Baraka ya mwaka mzima," wakamwambia.

"Ingenitafuta nilipokuwa na meno."

Jioni Yamna aliketi pembeni na daftari lake la hesabu, na hakuna aliyemwita.

Asubuhi yake Tuda aliwahi shuleni kuliko wote. Aliwasha jiko kwa kuni za Bassu, akasogeza benchi la darasa la sita karibu na moto, akafungua daftari. Katika ukurasa wa waliosaidia shule aliandika jina la Bassu, la kwanza juu. Halafu akasikia vishindo vya mtu akikung'uta theluji kwenye viatu, akaenda kumfungulia Yamna mlango.