Shemeji Alinionyesha Ufa, Nikamvunja Mkono

Sitafuti huruma yenu, ndugu zangu. Nilimwaga damu ya mtu aliyekuwa ananiambia kweli, na mpaka leo nikiketi kanisani najiona mwongo.

Mimi ni mtu wa Kinyala, mkulima wa ndizi. Biashara zilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kununua na kuuza, niliuza ng'ombe wangu wote nikanunua lori kuukuu lililokuwa limetelekezwa. Aliyeifufua injini yake ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Nitamwita Lusajo. Alikuwa na gereji Tukuyu, nyuma ya soko. Mtu mpole, hata akikosewa anashusha sauti.

Siku ananikabidhi lori aliniambia, "Shemeji, rejeta hii ina maji matupu, hayana dawa ya kuzuia kuganda. Ukienda kulala Kitulo kule juu milimani wakati wa baridi, yamwage yote yasigande. Asubuhi utatia mengine."

Nilimcheka. Maji kuganda nilikuwa nimeyaona kwenye friji za mjini tu.

Mwezi wa saba nikapanda Kitulo kuchukua viazi, nikalala huko huko. Sikumwaga maji. Kulipokucha majani yalikuwa meupe, yanavunjika chini ya viatu. Lori liliwaka kwa taabu, mkanda wa feni ukalia mpaka ukatoa moshi. Nikasubiri kelele zipungue, nikaondoka.

Nilipofika karibu na Nkunga, njiani kurudi Tukuyu, mshale wa joto ulikuwa umepanda mpaka mwisho. Injini ikagonga mara tatu, ikazima. Trekta la shamba la chai likanivuta hadi gereji kwa Lusajo.

Alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imechanganyika na maji, imekuwa kama chai ya maziwa. Akaingia chini ya lori, akapapasa ubavu wa injini kwa kidole, akatoka na kupiga magoti kando ya gurudumu.

"Shemeji, maji ulimwaga?"

"Nijibu wewe. Umenifungia gasketi mbovu, inavujisha maji."

"Gasketi ni nzima. Maji yaliganda humu ndani, yakatanuka, yakapasua bloku, chuma chenyewe cha injini. Inama uone ufa."

"Maji yagande Tanzania hii? Mimi mjinga wako?"

Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi. Mmoja akacheka. Kicheko kile ndicho kilichonimaliza.

Spana ya magurudumu ilikuwa miguuni pangu. Nilimpiga begani akiwa bado amepiga magoti. Akainua mkono wa kulia kujikinga, nikaupiga mkono huo, nikasikia mfupa ukikatika kama bua. "Shemeji, utaniua," alisema, kwa sauti ile ile ya chini. Mkono ulipoanguka sakafuni, nikaviponda vidole. Mara mbili. Yule aliyecheka akanirukia, nikamvunja pua kwa kiwiko, na bado nilitaka kuendelea mpaka waliponilaza chini na kunikalia mgongoni.

Mke wangu alikuja mbio kutoka sokoni. Akapiga magoti kwenye oili na damu, akaufunga mkono wa kaka yake kwa kitenge. Kisha akanitazama pale nilipolala.

"Nilidhani ni mimi tu unayenipiga," alisema.

Watu wote walisikia. Ni kweli, nilikuwa nampiga, na sikuwahi kuliita kosa.

Kesho yake mchana, wadogo zake Lusajo walinifuata nyumbani na fimbo. Walinipiga mbele ya mama yangu, nikapoteza meno mawili na sikio hili la kushoto halisikii vizuri. Mke wangu akaondoka na watoto, hakurudi tena. Polisi nao wakanichukua, nikafungwa.

Nilipotoka, nilimwita fundi mwingine kutoka Mbeya aifungue injini. Moyoni bado nilitaka aniambie nilikuwa na haki. Akanionyesha gasketi, nzima kabisa. Akanionyesha bloku, imepasuka ubavuni urefu wa kiganja. "Hii ni barafu," alisema. "Hukumwaga maji?"

Nilikaa chini nikalia mbele ya mtu nisiyemjua.

Vidole vya Lusajo havikunjiki. Hashiki tena spana, gereji ilifungwa. Nilikwenda kwake na mzee wa kanisa kuomba msamaha. Alinipokea kwa mkono wa kushoto, akatukaribisha viti.

"Nimekusamehe, shemeji," alisema. "Ila usije tena hapa. Watoto wangu wakikuona wanaogopa."

Nikaondoka.

Wewe mwenye mkono mwepesi kama wangu, unayesoma hapa ukidhani hasira yako ina sababu: mtu akikuambia kosa ni lako, inama kwanza utazame. Na kama nyumbani kwako kuna anayeshtuka unapofungua mlango, usingoje mpaka uvunje mtu mfupa ndipo ujue wewe ni nani. Mimi nilingoja.